Maharage ya Misri Kwenye Tui la Nazi

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha, kabla sijafumbua macho, kabla sijajua kama kumekucha: mtu anakuna nazi uani. Wenzangu mliokulia pwani mnaijua. Meno ya mbuzi ya kukunia yanauma nyama ya nazi, kifuu kinazungushwa kiganjani, halafu kimya kidogo, mkono unafuta ukingo wa sinia, halafu kwaru tena. Enzi zetu nyumba haikuhitaji saa ya kengele. Ukiisikia mbuzi mapema hivyo siku ya Jumapili, tumbo linaamka kabla ya kichwa.

Nilijigeuza ukutani, nikavuta kanga mpaka kidevuni, nikatabasamu. Nilikuwa na miaka minane. Sikuwa na habari kwamba sauti ile tamu ilikuwa inamfukuza Mama mdogo Rukia nyumbani, na kwamba mtu pekee aliyeweza kuizuia ni mimi niliyejifunika kanga. Ndiyo maana mpaka leo nikisikia mtu anakuna nazi asubuhi, kwanza nakasirika. Njaa inafuata baadaye.

Tuliishi Dunda, Bagamoyo, kwenye nyumba ya Bibi aliyemzaa mama yangu. Mama alikuwa muuguzi Dar es Salaam na alikuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu watatu: Bibi, Mama mdogo Rukia na mimi. Rukia alikuwa mdogo wake mama. Aliolewa na mwanafunzi wa dini, akamfuata Misri, wakaishi Kairo miaka sita. Kisha mume akaoa mke mwingine hukohuko, na Rukia akarudi kwao na talaka, sanduku moja, na mfuko wa kitambaa uliojaa maharage makavu yaliyomenywa, ya manjano hafifu, mapana kama ukucha wa dole gumba.

"Mtu anatoka Misri anatuletea maharage," Bibi alisema siku ile ya kwanza, akiupima ule mfuko kwa mkono. "Kama vile huku kwetu yamepigwa marufuku."

"Haya si ya kuchemsha, mama," Rukia alimjibu. "Ni ya bajia."

"Bajia ni za kunde."

"Huko ni za haya."

"Maskini," alisema Bibi, na sikujua anawaonea huruma Wamisri au maharage.

Rukia alinisuka nywele kila Alhamisi jioni, nimekaa katikati ya magoti yake kwenye mkeka, na kila mstari wa nywele ulikuja na kipande cha Kairo. Huko, aliniambia, asubuhi unanunua bajia kwenye karatasi, umesimama barabarani, na hakuna anayekuona huna adabu. Jirani yake wa ghorofa ya chini, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kusikika mlango hadi mlango, ndiye aliyemfundisha. Unaroweka maharage usiku kucha. Huyapiki. Unayasaga mabichi na kitunguu, saumu, majani ya kitunguu na kotmiri nyingi mpaka mchanganyiko uwe kijani. Unatia bizari nyembamba, unafinyanga vidonge bapa, unavibandika ufuta upande mmoja, unatumbukiza kwenye mafuta. Nje vinakuwa kahawia kama mbao iliyopakwa vanishi, ukikimega kimoja ndani ni kijani kibichi, na mvuke unatoka kama kimekuwa kinashikilia pumzi. Unachovya kwenye ufuta uliosagwa na ndimu, au kwenye mtindi wenye tango na nanaa, au kwenye nyanya yenye pilipili na siki. Mimi nilisikiliza nikimeza mate huku kichwa kinavutwa, machozi yananitoka, na sikutaka amalize kusuka.

Si kwamba sisi tulikuwa na dhiki ya bajia. Kuta mbili kutoka kwetu aliishi Mama Anjela, mke wa mwalimu, watu wa bara, Wakristo, na yeye alikuwa anakaanga bajia za kunde kizingitini kwake kila siku isipokuwa Ijumaa Kuu. Tulitoka shule tumechoka, mkononi ndoo ya maji na ufagio wa chelewa (maana enzi zetu mwanafunzi alikwenda shule na vifaa vya kuisafisha hiyo shule) na harufu ya mafuta yake ilitukuta njiani. Alifunga kwa karatasi za madaftari ya wanafunzi wa mumewe. Nimekula bajia zilizofungwa kwenye hesabu za kugawanya zenye alama nyekundu za kukosa, mafuta yamepita mpaka jina la mwanafunzi linasomeka upande wa pili, na tulichekana: "Leo umekula sifuri ya fulani!" Tukimaliza, tunapangusa mikono kwenye nywele, tunakwenda kucheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu mpaka Bibi aite jina langu mara tatu. Mara ya nne haikuwa ya kuita.

Leo mpwa wa mume wangu, Salha, anayeishi nasi Mapinga, ana miaka kumi na tisa na hajawahi kuitwa mara mbili, kwa sababu anaitwa kwa ujumbe wa simu na yuko chumba cha pili. Jumapili moja hivi karibuni alialika rafiki zake. "Anti Tatu," akaniambia, "nataka kuwafanyia branchi." Nikamuuliza branchi ndiyo nini. Akasema ni chakula cha saa nne, saa tano hivi, katikati ya chai na chakula cha mchana. Nikamwambia mwanangu, hicho sisi tulikuwa tunakiita kuchelewa kuamka. Akacheka, akanionyesha simu: bajia za Kimisri, na vibakuli vitatu vya kuchovyea, kimoja cheupe, kimoja chekundu, kimoja rangi ya mchanga. Halafu akafungua kabati, akatoa maharage ya kopo, yaliyokwisha kupikwa, yaliyolala kwenye ute wao, akataka kuyatia kwenye mashine ya kusagia.

"Hayo yatayeyukia kwenye mafuta," nikamwambia.

"Video haijasema."

"Mimi nimesema."

Akatia. Yakayeyukia kwenye mafuta. Akazima jiko, akapiga picha ule uji wa kahawia, akauandikia kicheko, akawatumia rafiki zake. Jamani! Sisi mtu akiharibu chakula alinyamaza siku mbili. Hawa wanatangaza.

Lakini nisiwacheke sana, maana ninakokwenda na habari hii, wa kuchekwa si Salha.

Turudi Dunda. Ijumaa moja Rukia alikaanga bajia zake za majaribio, kiasi cha konzi chache za maharage, na kama ilivyokuwa kawaida ya mtaa, sahani ikatoka nyumba hii kwenda ile. Wa kwanza alimpelekea mwenziwe, mwenziwe akampa wifi yake, na bajia mbili zilizopoa zikafika kwa Bi Thuwaiba. Huyu alikuwa mwanamke wa ukoo wa Kiarabu, wafanyabiashara tangu babu zao, mwenye nyumba ya wageni karibu na ufuko. Jumamosi na Jumapili watu wa Dar walikuja kulala kwake, wakaamka jua limeshapanda, wakataka kula kitu ambacho hawakipati kwao. Bi Thuwaiba alikula zile bajia mbili zilizopoa akamtuma mtu: amwambie Rukia kwamba yeye mwenyewe atakuja nyumbani kwetu Jumapili saa nne, aonje za moto. Akiridhika, Rukia ataingia jikoni kwake, awe mpishi wa chakula cha asubuhi.

Ilikuwa kazi ya dakika kumi kwa mguu kutoka nyumbani. Na kulikuwa na nyingine, ya mbali zaidi. Wakala mmoja wa Dar alikuwa ameshamtafutia Rukia nafasi Maskati, kulea watoto wa watu, mkataba wa miaka miwili. Alitaka jibu Jumatatu. Rukia hakutaka kwenda. Nilimsikia akimwambia Bibi, "Mama, nimeshaishi ugenini miaka sita. Nataka nizeekee mahali ninapojua jina la kila paka." Nami sikutaka aende, kwa sababu za choyo: nani angenisuka?

Kwa hiyo Jumamosi jioni aliroweka maharage yote yaliyobaki. Hakuacha hata moja kwenye mfuko. Bi Thuwaiba hatembei peke yake, alisema, na sahani ndogo ni aibu. Aliyafunika kwa ungo, akayaweka juu ya meza ya jikoni. Alfajiri alipomaliza kuswali akaniinamia kitandani. Alitaka kuwahi sokoni kabla kotmiri mbichi haijaisha, kisha apitie bustani ya mtu kuchukua nanaa.

"Tatu. Tatu, unanisikia? Yale maharage asiyaguse mtu. Mpaka nirudi."

"Ndiyo, Mama mdogo."

"Sema nilivyosema."

"Asiyaguse mtu."

Akatoka. Nikalala.

Sasa niwaeleze kuhusu Bibi, maana msipomjua mtamwonea. Katika nyumba ya Bibi kazi haikuachwa njiani. Ukikuta nguo zimelowekwa, unafua. Ukikuta mchele umechambuliwa nusu, unakaa chini unachambua nusu iliyobaki, huulizi wa nani. Kuuliza kulikuwa ni uvivu uliovaa nguo nzuri. "Aliyeanza alikuwa na mikono miwili kama wewe," alikuwa akiniambia, "mmalizie." Na hivyo ndivyo tulivyolelewa wengi wetu, na mpaka leo tunakumbushana kwa fahari kwamba zamani watu walisaidiana.

Bibi aliamka, akaingia jikoni, akainua ungo. Akaona maharage yamekunywa maji usiku kucha, yamevimba, yamelainika. Mwenyewe hayupo. Mgeni anakuja saa nne. Akaja mlangoni kwangu.

"Tatu, maharage haya ni ya leo?"

Na mimi nilikuwa nimeamka nusu. Ninakumbuka vizuri, siwezi kujidanganya. Nilikumbuka maneno ya Mama mdogo yote manne. Yalikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa mtoto wa miaka minane, niliyelala, na aliyesimama mbele yangu alikuwa Bibi, na jiko lilikuwa lake. Ningemwambiaje Bibi asiguse kitu cha jikoni kwake? Kwa mdomo upi? Enzi zetu amri iliteremka kutoka kwa wakubwa kuja kwetu, na haikupanda kurudi juu. Nikasema, "Ndiyo, Bibi." Akasema, "Basi lala, mjukuu wangu." Nikalala tena, na muda kidogo baadaye ikaanza: kwaru, kwaru, kwaru.

Rukia alirudi saa mbili, mikono imejaa majani, kanga imelowa umande mpaka magotini. Aliingia anaimba kwa ndani, mdomo umefungwa. Nilimsikia akikata wimbo katikati. Nikatoka mbio.

Sufuria ilikuwa mekoni. Maharage ya Misri yalikuwa yanatokota taratibu kwenye tui zito, na kitunguu, na pilipili nzima moja imeelea juu kama boya. Yalinukia mpaka uani, siwezi kuwaficha. Bibi alikuwa anayakoroga kwa upawa, uso umejaa furaha ya mtu aliyempunguzia mwanawe kazi.

"Nimekupikia," alisema. "Yalikuwa magumu kidogo, nikayapiga tui jepesi kwanza. Hili sasa ni la kumalizia."

"Mama."

"Onja chumvi."

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeyapika, Rukia. Ulitaka niyatazame tu?"

"Hayapikwi! Nilikwambia hayapikwi! Yanasagwa mabichi!"

"Ulisema ni ya bajia. Sasa bajia mtu anampa mgeni mkubwa kama yule, asubuhi, bila kitu cha tui?" Bibi alikuwa anashangaa kwelikweli. "Na usinipandishie sauti, mimi si shoga yako."

Rukia akaweka majani chini. Akanitazama. Hakunikaripia. Laiti angenikaripia, angenizaba kofi kama akina mama wengine wa Dunda, tungekuwa tumeyamaliza siku hiyohiyo.

"Tatu, hukumwambia?"



"Mtoto atamwambia nini bibi yake?" Bibi akadakia. "Ana adabu zake."

Ndiyo, nilikuwa nazo. Kila tukikutana sisi wa enzi zetu hatumalizi dakika tano kabla hatujaanza kujisifu adabu: tulipiga magoti, tulisema shikamoo mpaka kwa mwenda wazimu wa sokoni, hatukujibizana na wakubwa. Ni kweli. Na ile Jumapili adabu yangu ilikaa mekoni ikitokota kwenye tui.

Kilichofuata kilikuwa vurugu. Rukia alichukua maharage machache kutoka kwenye sufuria, akayasuuza, akajaribu kuyaponda na majani. Yakawa uji. Akayatupa. Bibi akasema kutupa chakula ni haramu. Rukia akasema basi ayale yeye. Bibi akasema atayala, na atayapenda. Wakati huo ilikuwa inakaribia saa mbili na nusu. Ghafla Rukia akafunga kanga kiunoni, akatoka. Nikamfuata hadi kwa Mama Anjela, ambaye alikuwa amevaa gauni la kanisani, anatafuta kiatu cha pili.

"Dada, kunde unazo? Zilizorowekwa?"

Mama Anjela hakuuliza za nini. Alikuwa na kunde zake za bajia za jioni, ameziroweka tangu jana, ameshazimenya maganda, nyeupe peee kwenye beseni. Akammiminia Rukia zaidi ya nusu. "Nirudishie beseni tu," alisema, "na uniombee nikikipata hiki kiatu."

Tukarudi mbio. Bibi alipoona kunde alijua, akakaa kwenye kinu. Hakuomba radhi, maana wakubwa wa enzi zile hawakuwa na njia ya kuomba radhi kwa mtoto wao, ila alitwanga kama anayelipiza kisasi. Rukia akakatakata majani mpaka mikono ikawa kijani. Mimi nilipewa ufuta nikaange, na niliukoroga bila kupepesa macho, nikijua kwamba huu nikiuunguza nitahama nyumba. Bajia ya kwanza ilipoingia kwenye mafuta ililia chwaaa, ikazama, ikaelea, ikaanza kuzunguka na povu lake. Rukia akaitoa, akaimega. Kijani. Akanipa nusu.

Nimekula vitu vingi tangu siku hiyo, vingine katika hoteli zenye vitambaa mezani. Sijala kitu kama ile nusu ya bajia. Ganda lilivunjika mdomoni kama kaukau, ndani laini, kotmiri inapanda puani, bizari inakuja mwisho. Ilikuwa ya Dunda na ilikuwa ya Kairo, na nilijua kabisa, kwa uhakika wa mtoto wa miaka minane, kwamba tumepona.

Saa nne kamili Bi Thuwaiba akabisha hodi, na binti yake na mkwewe. Alikuwa mwembamba, mrefu, harufu ya udi ikamtangulia ukumbini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba na kunishika shavu. Rukia akaleta sinia: bajia za moto zimepangwa kwa duara, katikati vibakuli vya kuchovyea, cha ufuta, cha mtindi, cha nyanya na pilipili. Bibi alikuwa ameongeza cha nne, ukwaju wake, bila kuombwa.

Bi Thuwaiba alimega, akatazama ndani, akachovya kwenye ufuta. Akafumba macho. Akala ya pili kwa mtindi. Akala ya tatu. Mkwewe hakuwa anaongea tena. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nahesabu kwa vidole, na kwenye ya tano nikaanza kurukaruka.

"Mashallah," alisema Bi Thuwaiba. "Hizi zinashinda zile zilizopoa. Maharage yenyewe ndiyo haya uliyokuja nayo kutoka Misri?"

Wenzangu, neno moja. "Ndiyo." Hata kutikisa kichwa kungetosha. Bibi alishamtolea macho, mimi nyuma ya pazia nilisema ndiyo kwa midomo bila sauti. Rukia alishusha trei ya chai aliyokuwa ameishika.

"Hapana, Bi Thuwaiba. Hizi ni kunde. Ya Misri yameharibika leo asubuhi."

Na hapo, badala ya mambo kuishia pabaya kiasi hicho, Bibi akakasirika. Hakuweza kuvumilia neno lile kwenye chakula alichopika yeye, mbele ya mgeni. "Yameharibika wapi?" akasema. "Hayajaharibika hata moja!" Akaenda jikoni, akarudi na bakuli limejaa, tui linametameta juu. "Haya hapa. Onja mwenyewe, mwanangu, useme yameharibika au hayakuharibika."

Bi Thuwaiba akaonja kwa adabu, kijiko kimoja. Akaonja tena. Akaomba mkate. Nawaapia, yule mwanamke alikula bakuli zima, akapangusa kuta za bakuli kwa mkate, na binti yake akaomba lake. Bibi alikaa ameweka mikono mapajani, anamtazama Rukia kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha Bi Thuwaiba akanawa, akasema kwa upole, maana alikuwa mtu mpole na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Rukia, mkono wako mzuri. Lakini bajia za kunde wageni wangu wanazikuta barabarani, tangu Mapinga mpaka hapa wanazila dirishani mwa gari. Siwezi kuwaambia ni za Misri na mwenyewe umeniambia si za Misri. Agizia maharage. Yakija, njoo kwangu siku hiyohiyo." Hayo maharage yangetoka Kairo, kwa mkono wa msafiri, miezi mingapi hakuna aliyejua, na wakala alitaka jibu kesho yake. Rukia akasema, "Asante, nimekuelewa." Bi Thuwaiba akaaga. Ndiyo, aliondoka na bakuli la maharage ya tui limefunikwa kwa sahani. Bibi ndiye aliyemfungia.

Tulipobaki wenyewe, nani alikuwa wa kwanza kusema? Bibi!

"Si ungenyamaza tu, Rukia? Nani angejua?"

Rukia akamgeukia mama yake. Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya, kikavu. "Wewe, mama," alisema. "Wewe ndiye wa kuniambia ningenyamaza." Akaingia kuosha vyombo. Baadaye nilimfuata, nikamuuliza kwa nini alisema kweli. "Miaka sita nimekula chakula cha wale watu," alinijibu. "Siwezi kuchukua kunde nikaipa jina lao ili nipate kazi." Nilikasirika. Nina miaka thelathini na kitu na bado nakasirika. Namkasirikia yeye kwa ukweli wake, Bibi kwa msaada wake, Bi Thuwaiba kwa upole wake, na yule mtoto aliyejifunika kanga kwa adabu zake. Wote walikuwa watu wazuri. Hakuna mahali pa kuiweka hasira ukiwa umezungukwa na watu wazuri.

Siku hizi maharage yale yanauzwa. Baada ya kuharibu ya kopo, Salha alibonyeza simu, na bodaboda akayaleta getini kabla chai yangu haijapoa, makavu, yamemenywa, kilo nzima kwenye plastiki. Karamu ikasogezwa mpaka Jumapili ya pili, na safari hii akaroweka usiku kama nilivyomwelekeza. Kila kitu ambacho Rukia alikikosa, Salha anacho kwenye kabati na hajui kuwa anacho. Aliposaga, nikanyoosha mkono nimwongezee chumvi kidogo, si mnajua mkono wa mtu mzima unavyokwenda wenyewe. Akaushika.

"Anti, samahani, usiguse. Nina vipimo vyangu."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Mtoto! Mimi! Jikoni kwangu! Nilikuwa na hotuba nzima tayari, inaanza na enzi zetu. Kisha nikatoka nikakaa barazani peke yangu, hotuba yote imenikwama. Nilikuwa namwonea wivu. Angekuwa Salha aliyelala kwenye kitanda kile Dunda, angefumbua jicho moja tu, akasema, "Bibi, usiguse, Mama mdogo kakataza," na Bibi angeguna, angelalamika mpaka Ijumaa kuhusu watoto wa siku hizi, na Rukia angezeekea Bagamoyo. Hawa hawasaidiani, sisi hatukusema. Sijui ni kipi kimetugharimu zaidi. Bajia zake zilitoka vizuri. Alinipelekea mbili barazani kwenye sahani, na alikuwa amepika kwa chumvi ya kutosha.

Miaka miwili ya Maskati ilizaa mingine miwili, kisha mingine. Rukia amekuja likizo mara tatu, na mara moja alikuja kumzika Bibi. Watoto aliowalea wameoa.

Siku ile ya kwanza Rukia aliondoka Dunda Jumatano, saa tatu asubuhi, jua limeshakuwa kali. Mama Anjela alikuja na bajia za njiani kwenye karatasi. Rukia akanifunga nywele upya ingawa hazikuwa zimefumuka, akambusu mama yake mkono, akabeba sanduku lilelile. Hakuna aliyetaja maharage. Bibi alimsindikiza mpaka kizingitini tu. Wakati ule milango ya Dunda ilishinda wazi, ya Bibi ikizuiwa na jiwe tangu alfajiri mpaka baada ya isha, na sahani, kuku na majirani waliingia na kutoka bila kuulizwa. Leo mimi Mapinga nina geti lenye kufuli mbili na sijui jina la jirani wa kulia. Siku ile, mchana kweupe, na watu bado wanapita, Bibi alilisukuma lile jiwe kwa mguu, akaufunga mlango nyuma ya mwanawe.